Nakala Isiyojaribiwa Si Kinga
Seva yenye diski kadhaa zinazolindana huwapa wengi utulivu usio na msingi. Mpangilio wa RAID 5 huvumilia kufa kwa diski moja tu. Ya pili ikifa kabla data haijajengwa upya, yote hupotea. Tena faili likifutwa kimakosa, hufutika kote papo hapo. Hapo ndipo nakala rudufu huhitajika, lakini nazo huweza kushindwa. Januari 31, 2017 hifadhidata kuu ya GitLab, kampuni ya kuhifadhi msimbo wa programu, ilifutwa, ikabainika nakala za kila siku hazikuwa zikihifadhiwa. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa kwa mkono saa 6 kabla. Wapo watakaosema nakala zinazowekwa nje ya seva ni gharama. Kweli, lakini kufufua diski zilizokufa mara nyingi hugharimu zaidi, bila uhakika wa kufanikiwa. Kila ofisi ipange siku ya kurejesha nakala zake na kuzikagua.