ASKARI NA NYUMBA YAKE

Alipofariki dunia Jenerali David Bugozi Musuguri, tarehe 29 Oktoba 2024, akiwa na umri wa miaka 104, sifa nyingi alizopewa zilikuwa sifa za vita. Alikumbukwa kwa Mutukula, kwa Lukaya na kwa Kampala. Hapana aliyekosea, maana mambo hayo ni kweli. Walakini sisi tuliona pengo. Askari alitajwa sana, nyumba yake ilitajwa kidogo, kama ilivyo desturi ya taazia za wanajeshi: mke na watoto huja katika mstari wa mwisho, baada ya vyeo na nishani. Leo twataka kuzungumza na wanachama na wafanyakazi juu ya mstari huo wa mwisho.

Marehemu alizaliwa Butiama tarehe 4 Januari 1920, miaka miwili kabla ya Mwalimu Nyerere, ambaye naye alizaliwa huko huko. Mwaka 1942 aliingia katika jeshi la mkoloni, King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya, akapelekwa Madagascar katika vita ya pili ya dunia. Yafaa vijana waelewe jeshi lile lilikuwa jeshi la namna gani. Mwafrika aliruhusiwa kufa kwa ajili ya Mfalme wa Uingereza, lakini hakuruhusiwa kuwa afisa wake. Hata cheo cha efendi, kilicholetwa katika miaka ya 1950, kilikuwa ngazi iliyokatwa juu: mtu hupanda vidato viwili vitatu, kisha hakuna pa kuweka mguu. Musuguri alikuwa miongoni mwa Watanganyika wachache waliokipata. Wake za askari nao waliishi katika laini za kambi, chini ya amri na ukaguzi, na mume akihamishwa hufunga sufuria zao na kuhama. Jeshi lilimhesabu mwanamke yule kama mzigo wa askari, ilhali kwa kweli yeye ndiye aliyeubeba mzigo.

Mambo hayo hayakuisha siku bendera iliposhushwa. Uhuru ulikuja Desemba 1961, lakini amri jeshini ilibaki mikononi mwa Waingereza, na mshahara wa askari ulikuwa haba. Mtu asiyeweza kulisha watoto wake ni rahisi kushawishiwa. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi, na siku tano baadaye Serikali ya nchi huru ililazimika kuokolewa na askari wa nchi iliyokuwa ikiitawala jana. Hatuwatetei waasi, maana bunduki ya umma si chombo cha kudai mshahara. Lakini twasema kwamba kilio cha mshahara kilikuwa kilio cha nyumbani, na jeshi lililoundwa upya Septemba mwaka ule, Jeshi la Wananchi, lilipaswa kulijua hilo tangu siku ya kwanza. Vijana wake wengi walitafutwa kupitia Umoja wa Vijana wa TANU. Kwa hiyo jambo hili Chama hakiwezi kulitazama kama jambo la jirani.

Sasa tuje kwenye vita. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, yakaua wananchi, yakapora ng'ombe, yakavunja daraja la Kyaka. Mapema mwaka 1979 Musuguri alikabidhiwa Divisheni ya 20, naye akaiongoza ndani ya Uganda. Lukaya ndipo alipojaribiwa. Tarehe 10 Machi 1979 makombora ya Walibya waliokuja kumsaidia Amin yaliitawanya Brigedi ya 201, ambayo wengi wa watu wake walikuwa mgambo, yaani wakulima na wafanyakazi waliovaa magwanda miezi michache tu. Kamanda mwingine angeweza kuita hali ile kushindwa. Wao waliwakusanya watu wao, Brigedi ya 208 ikazunguka usiku, na asubuhi ya tarehe 11 mambo yakageuka. Kampala ikaanguka mwezi mmoja baadaye.

Haifai pia kuficha lililo baya. Mji wa Masaka, uliotekwa Februari, ulibomolewa vibaya, na ulibomolewa kwa hasira ya Kagera. Katika nyumba zile walikuwamo akina mama wasiojua lolote juu ya maamuzi ya Amin. Vita yetu ilikuwa ya haki, nasi tutaendelea kusema hivyo mbele ya yeyote. Lakini mwenye haki naye hutakiwa kuhesabu nyumba alizozivunja.

Kuna watu wasemao kwamba askari kamili hana nyumba, kwamba mapenzi ya mke na watoto humlegeza. La hasha. Wengine husema kinyume chake, kwamba mtu akipenda jamaa zake basi ni mtu mwema, na hayo nayo si kweli. Amin na Musuguri walitoka katika jeshi moja, Keya, wakapanda kutoka chini, wote wawili wakafika cheo cha efendi. Amin alikuwa na wake kadhaa na watoto wengi, na alipenda kupigwa picha pamoja nao. Lakini mwaka 1974 Kay, ambaye alikuwa ametoka kuachana naye, alikutwa amekufa, mwili wake umekatwa viungo. Jeshi la Uganda alilijaza watu wa kabila lake na jamaa zake, akawapa maduka ya Wahindi aliowafukuza mwaka 1972. Huo nao huitwa kupenda ndugu! Ndiyo maana sisi hatumpimi afisa kwa wingi wa watoto wanaomzunguka, bali kwa vile anavyozitendea nyumba ambazo si zake, na kwa vile anavyoondoka kazini. Musuguri alikuwa Mkuu wa Majeshi kuanzia 1980 hadi 1988, miaka ambayo sabuni na sukari zilikuwa adimu na ambayo majeshi ya nchi nyingi za Afrika yalihamia Ikulu. Muda wake ulipokwisha alirudi Butiama. Jambo hilo laonekana dogo kwa sababu hapa kwetu tumelizoea.

Tukiwa katika habari hii tumemkumbuka afisa mwingine aliyepita miaka 100, Jenerali Võ Nguyên Giáp wa Vietnam, nchi ambayo imekuwa na uhusiano wa kibalozi na Tanzania tangu 1965. Wengi humjua kwa Điện Biên Phủ, ambako Wafaransa walishindwa tarehe 7 Mei 1954. Wachache hujua kwamba alikuwa mwalimu wa historia, na kwamba Mei 1940, alipotoroka kwenda Uchina, aliagana na mkewe Nguyễn Thị Quang Thái mjini Hanoi, mama huyo akiwa na mtoto wao mchanga wa kike mikononi. Hawakuonana tena. Wafaransa walimfunga mama yule, akafia gerezani, na habari zilimfikia mumewe baada ya muda mrefu. Dada yake yule mama alikuwa amepigwa risasi na wakoloni mwaka 1941. Baba yake Giáp naye alikamatwa na Wafaransa mwaka 1947 na akafa kifungoni. Mtoto alilelewa na bibi yake, akakua, akawa mtaalamu wa fizikia. Giáp alioa tena mwaka 1946, akaishi na mke huyo hadi alipofariki Oktoba 2013, akiwa na miaka 102. Twataja hayo kwa sababu Wavietnam huyataja: wanapoisimulia vita yao, yule mama wa gerezani yumo ndani ya vita, hayuko pembeni.

Kwetu sisi je? Katikati ya Dar es Salaam, katika Barabara ya Samora, tangu mwaka 1927 imesimama sanamu ya askari wa shaba, bunduki mkononi, singe imeelekezwa bandarini. Ni kazi nzuri. Wapagazi wa vita ile walituachia jina la Kariakoo. Wake zao hawakutuachia hata uchochoro.

Siku chache zilizopita tulikwenda Kimbiji, huko pwani ya Kigamboni ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Temeke, kumtazama mzee mmoja aliyepigana Kagera. Mwaka 1978 alikuwa mgambo na mkulima wa mihogo. Alitusimulia habari za Kyaka na Lukaya kwa utaratibu, kama mtu aliyekwisha kuulizwa mara nyingi. Mkewe alikuwa amekaa kwenye jamvi, anasokota kamba. Tulimwamkia, akaitika, "Marahaba, wanangu," akarudi kwenye kazi yake. Ni sisi tuliomwomba naye aseme.

Alisema lori lilipomchukua mumewe yeye alikuwa na watoto wawili na mimba ya wa tatu. Fedha zilizoahidiwa zilichelewa, na kila alipokwenda kuuliza aliambiwa arudi wiki ijayo. Basi akaingia kwenye makumbi: kuyafukia katika tope la ufuko, kungoja miezi hadi yaoze, kuyafukua, kuyatwanga kwa rungu mpaka nyuzi zitoke, kusokota, kuuza kamba kwa wenye ngalawa. Watoto walikula kamba hizo. Wa tatu alizaliwa, akaugua surua, akafa kabla baba yake hajamwona. Siku redio iliposema Kampala imetekwa watu walipiga vigelegele, na yeye alipiga pamoja nao, kisha akarudi ufukoni, maana maji yalikuwa yanajaa na makumbi yake hayajatoka. Mumewe aliporudi alionyeshwa kaburi.

"Yeye kaandikwa," alituambia akimwonyesha mumewe kwa kidevu. "Ana karatasi yake. Mimi sikuandikwa popote." Mzee hakumkatiza. Alitikisa kichwa kukubali, akasema kwamba miaka ile yote alipoulizwa juu ya vita alikuwa akijibu habari za Lukaya, kwa kuwa hapana aliyepata kumwuliza habari za Kimbiji.

Kila mwaka tarehe 25 Julai taifa huwakumbuka mashujaa wake. Mashada huwekwa, mizinga hupigwa, na kule Kaboya, Mkoani Kagera, makaburi ya waliokufa katika vita ile hutunzwa kwa heshima. Hatuombi sherehe zaidi. Tuombalo ni kazi ya karani. Katika tawi moja tulilolipitia njiani tulikuta madaftari mawili, moja la wanachama na moja la ada, yote yameandikwa vizuri. Tukauliza kama lipo la wajane na wake wa waliokwenda Kagera. Katibu, kijana mwungwana, alisema halipo, na kwamba halijapata kuagizwa.

Sisi twaona halihitaji kuagizwa. Balozi wa nyumba kumi anawajua watu wake. Akipita nyumba kwa nyumba na kalamu, kazi yake ni ya juma moja. Aandike jina la mama, jina la aliyekwenda, mwaka, watoto walikuwa wangapi, na mama huyo aliishi kwa kazi gani. Aandike pia kama ana madai ambayo hayajalipwa, na tawi liyafuatilie wilayani kwa majina, pasipo kuzungumza kwa ujumla. Mwanamke aliyekuwa na miaka 20 wakati lori lilipoondoka leo amekwisha kupita 65. Mkutano wa tawi ukiitishwa mwezi huu, wengi wao bado wangali na nguvu za kuitika majina yao.