Ingekuwaje?

Krismasi nilikuwa ukweni Ijumbi, Muleba, natafuna kahawa huku nasoma Unholy Land, riwaya ya Lavie Tidhar ya 2018. Jamani! Mwaka 1903 Waingereza walitaka kuwapa Wayahudi nyanda za Uasin Gishu, Kenya. 1905 mkutano wa Wazayuni ukakataa. Tidhar anauliza: wangekubali je? Anaijenga nchi hiyo ng'ambo ya ziwa letu, watu wakivuka dunia hadi dunia, mambo yanayonukia Kabala, elimu ya siri ya Kiyahudi. Ila ukuta unajengwa, wenyeji wanabaki nje.

Mume wangu akachokoza: "Na wewe ungeolewa na yule wa Mwanza je?"

Moyo paa! Wapenzi, kila "ingekuwaje" ina mtu anayeachwa nje ya ukuta. Yangu ingemwacha yeye. Nikamsogezea kahawa.