Diski Mbele, Lakini Masta Silinda Je?

Wiki hii nawageukia masela wenye magari ya kizamani, hasa nyie wa Volkswagen Beetle. Fasheni yenu naijua: mnatoa dramu za mbele, mnafunga diski, mnapiga rimu za kung'aa, mtaa mzima unageuza shingo. Safi sana. Ila swali moja tu: masta silinda umefunga ipi?

Hapo wengi kimya. Ukienda gereji, fundi anakutolea ya inchi moja: "Dogo, chukua hii kubwa, ndiyo ya kidume." Usikubali haraka! Kwenye masta silinda ukubwa siyo nguvu. Mguu wako ni ule ule. Ukiusukumia pistoni pana, shinikizo la mafuta linapungua. Ukitoka robo tatu ya inchi, yaani milimita 19.05, kwenda inchi moja, shinikizo linashuka kama asilimia 44. Pedeli inakuwa ngumu kama jiwe, unakanyaga mpaka jasho, na daladala iliyo mbele inazidi kukaribia. Beetle ya zamani haina busta ya kukuokoa.

Ndogo mno nayo noma. Shinikizo lipo, lakini mafuta yanayosukumwa ni machache, pedeli inafika chini kabla pedi hazijabana vizuri. Kwa Beetle yenye diski mbele, anza na hiyo ya 19.05.

Pili, hesabu vyumba. Beetle za mwanzo zina masta ya chumba kimoja: bomba likipasuka popote, breki zote kwaheri. Tafuta ya vyumba viwili, upande mmoja ukifa mwingine unabaki.

Tatu, masta nyingi za dramu zina kivalvu kinachobakiza shinikizo kidogo kwenye bomba. Dramu zinakipenda, diski hazikitaki. Ukikiacha upande wa mbele, pedi zitagusa diski muda wote, zitachemka na kwisha upesi.

Ukishafunga, toa upepo wote, kisha jaribu polepole uwanja mtupu kabla hujampakia mtoto wa watu. Bora asifie breki zako kuliko akuletee machungwa wodini.

Tukutane wiki ijayo, inshallah!