Mkongwe anunuliwe, lakini kwa kazi maalumu
Wafugaji wa Gendabi wanajua kwamba maksai mzee hapimwi kwa pembe. Cha kuuliza ni kama bado analivuta plau. Klabu zetu kila dirisha la usajili huuliza mengine: ana jina gani, na ana mabao mangapi msimu huu? Tutazame kikapu cha Marekani, Februari 2011. Memphis Grizzlies waliwaachia Houston Hasheem Thabeet wetu, kijana wa zaidi ya futi saba waliyemchagua wa pili katika uteuzi wa wachezaji chipukizi (draft) mwaka 2009, kabla ya James Harden na Stephen Curry. Wakamrudisha Shane Battier, mwenye miaka 32, asiyefikisha hata pointi kumi kwa mchezo. Nakiri uzalendo ulituuma. Lakini Memphis hawakuwa wakinunua pointi: walitaka mlinzi anayejua kumkaba mfungaji wa upande wa pili, tena ambaye mkataba wake ulikuwa ukiisha msimu uleule. Aprili, dhidi ya San Antonio Spurs, vinara wa kanda ya Magharibi, Battier alitupia mpira wa pointi tatu sekunde za mwisho, na Memphis wakapata ushindi wao wa kwanza kabisa katika mchujo. Houston, kwa upande wao, walimpa Thabeet dakika za kuhesabika. Kwa hiyo viongozi, msajilini mkongwe aliyeshuka, ila mkataba uwe mfupi na kazi yake iwe inajulikana. Anayetafutwa kwa ajili ya kuuza jezi tu, mwacheni alipo.