Mark II ya Kilosa inataka uwanja, siyo barabara ya Mikumi

LEO naomba mpira ukae benchi kidogo. Nitaurudia kabla sijamaliza, msijali.

Kuna Toyota Mark II pale Kilosa, GX100, ya rafiki yangu ambaye tumecheza naye chandimu tangu utotoni. Miaka ya nyuma ilikuwa gari ya kubebea maharusi. Sasa jamaa ameng'oa ile injini ya lita 2.0 iliyokuja nayo, kafunga 1JZ-GTE ya mtumba, lita 2.5 yenye turbo, ambayo Toyota wenyewe waliitangaza kuwa na nguvu za farasi 280. Kabadilisha pampu ya mafuta, kaweka rejeta kubwa, kaunganisha eksozi nene, na viti vya nyuma kavitoa ili gari liwe jepesi. Difu kaifunga ili tairi zote mbili za nyuma zisukume pamoja anapoondoka.

Kazi ni safi kinoma, na sisemi hivyo kumpamba. Wamarekani walifanya hivi hivi na Mustang na GTO zao za mwaka 1964: gari la kawaida, injini kubwa, mita 402 za lami iliyonyooka, nani atafika kwanza.

Nikamuuliza, "Na breki je?" Akacheka. "Kaka, zile zile za kampuni. Kwani naenda kusimama?"

Hapo ndipo nikaona niandike.

Wewe shabiki unaijua timu ya namna hii. Inasajili washambuliaji watatu, beki wa kati inamwacha yule yule wa msimu uliopita, halafu dakika ya 80 inashangaa kufungwa. Breki ndiyo beki ya gari. Ukiongeza mwendo mara mbili, kutoka 50 kwenda 100 kwa saa, umbali wa kusimama tangu unapokanyaga breki haukui mara mbili, unakua mara nne. Ndiyo maana fundi anayejua kazi huanza na diski, pedi, tairi na mkanda wa kiti, turbo inafuata baadaye.

Kibaya zaidi ni uwanja wenyewe. Vijana wanaitaka lami ndefu iliyonyooka, na iliyo karibu ni ile barabara kuu inayopita Mikumi. Kilomita kama 50 zake zimo ndani ya Hifadhi ya Taifa. Mwendo unaoruhusiwa humo ni 70 mchana na 50 usiku, kwa sababu nyati na tembo hawasubiri taa za kijani. Na barabara hiyo ndiyo yetu mashabiki. Simba au Yanga wakicheza Mbeya, ni hapo hapo tunapita na Noah na Coaster zetu usiku, nusu tumelala. Mtu anayejaribu turbo yake saa nane ya usiku anajaribu na maisha yangu, bila kuniuliza.

Wengine watasema dawa ni polisi wakamate magari yote yaliyobadilishwa. Mimi sikubaliani nao. Ukimkamata leo, kesho atatoka na kuhamia barabara nyingine. Marekani walilifikiria hili mapema: chama cha NHRA kilianzishwa mwaka 1951, na moja ya kazi zake kubwa ilikuwa kuwatoa vijana mitaani na kuwapa sehemu yenye kanuni, ukaguzi wa magari na gari la wagonjwa pembeni.

Na sisi si wageni wa mchezo huu. Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda Safari Rally mwaka 1966 na 1967 akiwa na Chris Rothwell kwenye Peugeot 404, gari la injini ya lita 1.6 tu. Mwaka 1968 magari 93 yalianza, 7 ndiyo yakamaliza, na lililoshinda lilikuwa 404 tena. Ubingwa ulikwenda kwa gari lililofika.

Basi ombi langu kwa AAT, halmashauri na wadau wa Morogoro ni dogo. Tafuteni kipande cha lami kilichonyooka ambacho kinaweza kufungwa Jumapili moja kwa mwezi. Wekeni uzio, watazamaji wakae mbali, fundi akague breki kabla gari halijagusa mstari. Kiingilio cha buku mbili tutalipa, tumezoea kulipa zaidi ya hapo kuangalia sare ya bila kufungana.

Na wewe rafiki yangu, najua unanisoma. Nunua breki kwanza. Siku ya kwanza uwanja ukifunguliwa nitakuja kukushangilia, na jezi yangu ya timu nitaiacha nyumbani.