Tusinunue Leza ya Kungoja Gesi

Vyuo vya Nyanda za Juu Kusini vikipata fedha za maabara ya tando nyembamba, visinunue leza ya eksima. Najua watafiti wengi duniani wanaisifu, na wana haki: mwanga wake wa nanomita 248 hutoa tando safi za oksidi ya zinki. Lakini leza hiyo inakula gesi. Ndani yake mna kriptoni na fluorini, na fluorini hutafuna vyuma, hivyo mchanganyiko hubadilishwa kila mara. Mtungi ukiisha Mbeya, mwingine utatoka ng'ambo, upite Bandari ya Dar es Salaam na makaratasi ya kemikali hatari, kisha upandishwe zaidi ya kilomita 800 kwa barabara. Mwanafunzi wa uzamili hana muda huo.

Napendekeza leza ya neodimi-YAG. Moyo wake ni fuwele, haudai gesi. Mwanga wake wa asili, nanomita 1,064, haunyonywi vizuri na oksidi ya zinki. Ukipitishwa kwenye fuwele za kugeuza mwanga, urefu wa wimbi hushuka hadi theluthi, yaani nanomita 355. Oksidi ya zinki huanza kunyonya mwanga karibu na nanomita 370. Nafasi ni finyu, ila inatosha, na hoja yangu yote imesimama hapo.

Kazi yenyewe hufanyika ndani ya chumba cha ombwe. Pigo la nanosekunde chache hutua juu ya kisahani cha oksidi ya zinki. Sehemu ya uso wake hufuka papo hapo, na ulimi wa plasma hurukia kioo kilichopashwa moto sentimita chache mbele. Hapo atomi hujipanga kuwa fuwele. Mtafiti huamua ukubwa wa fuwele hizo kwa joto la kioo na kwa oksijeni anayoiruhusu chumbani. Ikiwa haba, utando hubaki na mapengo ya oksijeni na kupitisha umeme zaidi. Ikizidi, atomi hugongana njiani, hupoteza kasi, na fuwele huelekea kuwa ndogo. Kwa utando wa kitambuzi cha monoksidi ya kaboni, ile ya jiko la mkaa lililoingizwa chumbani usiku wa baridi ya Mafinga, udogo huo ndio unaotafutwa: eneo linalogusana na gesi huongezeka.

Kasoro zipo. Matone ya oksidi huangukia utando na kuuharibu, na eneo lenye unene ulio sawa halizidi sentimita chache, kwa hiyo asitokee mtu wa kuahidi kiwanda. Taa za mmweko zinazoichochea fuwele ya leza nazo huchoka baada ya makumi ya mamilioni ya mapigo. Lakini taa hutumwa kama kifurushi cha kawaida, na fundi aliyefunzwa huibadilisha.

Mafundi ndio asili ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST). Kilianza mwaka 1986 kikiwa Chuo cha Ufundi Mbeya, kwa makubaliano na Umoja wa Kisovyeti, nchi ya Basov na Prokhorov waliogawana Nobeli ya 1964 na Mmarekani Townes kwa kazi iliyozaa leza. Tando nazo si ngeni nchini. Mwaka 2009, N. R. Mlyuka wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake wa Uppsala, Niklasson na Granqvist, walionyesha kuwa magnesi hushusha joto ambalo kwalo utando wa oksidi ya vanadi hubadilika tabia. Hawakutumia leza.

Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, Iringa, kinachoandaa walimu katika hadhi hiyo tangu 2005, kianze na njia rahisi: kunyunyizia myeyusho wa asetati ya zinki juu ya kioo cha moto. Sampuli zake na za Mbeya zipimwe kwa mashine moja ya eksirei, kwa vipimo vilevile. Tofauti ikiwa ndogo, leza isubiri. Fedha zinunue mashine ya pili ya kupimia.