Darasa Lililoingia Nyumbani

Wiki hii tunapenda kuzungumza na wazazi wenye vijana vyuoni, na zaidi na mama wanaosoma huku wakilea. Tangu Machi 2020, serikali ilipofunga shule na vyuo kwa sababu ya korona, masomo ya mtandaoni yameingia majumbani mwetu. Vyuo vilifunguliwa tena, lakini masomo hayo hayakuondoka. Agosti 2023 Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilikabidhiwa hati yake, nacho hufundisha kwa njia ya mtandao.

Yafaa basi tujue binti yetu anafanya nini anapoinamia simu saa nzima. Vyuo vingi hutumia jukwaa liitwalo Moodle, lililobuniwa na Martin Dougiamas wa Australia na kutolewa mara ya kwanza mwaka wa 2002. Programu yenyewe haina malipo ya leseni. Humo mhadhiri huweka maandishi ya somo, hutoa mazoezi, na hutaja siku na saa ya mwisho ya kuyapokea. Saa hiyo ikipita, mlango huweza kufungwa. Mna pia baraza la majadiliano, ambamo mhadhiri huuliza, wanafunzi wakajibu kwa maandishi, kisha wakajibizana wao kwa wao.

Wahadhiri wengine huongeza blogu, yaani daftari la mtandaoni ambamo mwanafunzi huandika alichosoma na alivyokielewa. Insha ya kawaida husomwa na mwalimu peke yake, ikatiwa alama, ikawekwa kando. Ya blogu husomwa na darasa zima, kwa hivyo mwandishi hujifunza kupanga hoja, kutaja alikopata habari, na kupokea ukosoaji kwa adabu. Na wale wenye haya, ambao katika ukumbi uliojaa watu hawainui mkono, hupata nafasi ya kufikiri kwanza kisha wakasema. Miongoni mwao wamo mabinti zetu wengi.

Hata hivyo, faida hiyo yaweza kupotea mikononi mwetu. Mwanafunzi aliye ukumbini hakuna amtumaye dukani. Aliye nyumbani na simu huitwa mara tatu kabla hajamaliza ukurasa mmoja: mtoto analia, mgeni amepiga hodi, nazi haijakunwa. Kaka yake akifunga mlango wa chumba, huachwa asome. Hakuna aliyekusudia dhuluma, lakini alama zitakapotoka, upungufu utaandikwa kwa jina la binti, wala si kwa jina la nyumba.

Kwa hivyo tunashauri mambo machache. Ratiba ya masomo ibandikwe ukutani, na saa zake ziheshimiwe kama zile za kupanda matatu kwenda chuoni. Bando lihesabiwe katika matumizi ya nyumba, kama ilivyohesabiwa nauli. Mama mwenye mtoto mchanga apate wa kumpokea mtoto angaa saa moja kwa siku, na mume ndiye wa kwanza kuombwa.

Vyuo navyo vina wajibu. Mhadhiri anayerundika maandishi mtandaoni asijibu maswali hajafundisha. Blogu ianze kwa kufunguliwa darasa peke yake, na mwanafunzi asilazimishwe kuweka picha wala jina kamili mbele ya walimwengu, kwani lililokwisha kusambaa mtandaoni ni vigumu kulirudisha. Tena kuna masomo yasiyotosheka na kioo cha simu: muuguzi hana budi kusimama kando ya kitanda cha mgonjwa, na mwanafunzi wa kemia kuingia maabara.

Nasi wazazi, tukiona simu mkononi mwa binti, tusitangulize lawama. Tumuulize kwanza kama yumo darasani. Akisema yumo, basi nazi tutaikuna sisi.